Picha Ndogo, Pwani Pana

Pita vichochoro vya Mji Mkongwe, kuanzia Gizenga hadi Hurumzi, utaona picha zimetundikwa ukutani kama nguo zilizoanikwa. Nyingi hazizidi upana wa sahani ya wali: jahazi, mnazi, jua linazama. Wapo wanaozibeza. Wanasema mchoraji wa mandhari akijibana kwenye kipande cha sentimita 20 amegeuka muuza vikumbusho, kwani kipimo hicho kimeamuliwa na begi la mtalii.

Ni kweli, begi limeamua. Lakini vifaa na soko havijaanza leo kuamua kipimo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli kwa kuwa ndivyo alivyovimudu, na leo ni mtindo wenye jina lake.

Asiyewahi kukaa Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, na brashi mkononi hajui udogo unasaidia nini. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na pwani ile ni tambarare. Umeanza kuchora ngalawa inaelea. Saa mbili tatu baadaye imelala ubavu mchangani na wanawake wa mwani wameshashuka. Jioni, upande wa Forodhani, ndiyo balaa zaidi: adhana ya Magharibi ikisikika, rangi uliyokuwa ukiichanganya haipo tena angani. Kibao kidogo hujaa kabla mwanga haujahama. Turubai la mita mbili utalimalizia nyumbani, kwa kukumbuka au (tuseme ukweli) kwa picha ya simu.

Mchoraji John Constable wa Uingereza naye alitumia vipande vidogo. Mwaka 1821 na 1822 alichora mawingu ya Hampstead kwenye karatasi ndogo, na nyuma ya nyingi akaandika tarehe, saa na hali ya upepo. Ila mwaka huohuo wa 1821 alionyesha pia The Hay Wain, yenye upana wa sentimita 185. Kwake picha ndogo ziliilisha kubwa, na hapa ndipo wenye kubeza wananipata: kwetu wengi huishia kwenye ndogo. Siwalaumu sana. Turubai kubwa hula rangi, na laweza kukaa dukani msimu mzima.

Kinachoniudhi mimi ni umbo kuliko ukubwa. Chwaka maji yakipwa ni mchanga na anga tu, mstari mmoja mrefu. Ukiibana kwenye mraba inakufa. Kipande chembamba cha sentimita 10 kwa 40 kingeibeba vizuri, na begini kingeingia bila taabu.

Na zile jahazi kumi zinazochorwa kwa siku moja bila mtu kutoka kibarazani? Hizo sinunui. Nikipenda picha humuuliza mchoraji: hapa maji yalikuwa yanajaa au yanapwa? Aliyekuwepo hujibu papo hapo, na mara nyengine huongeza mwenyewe kama ulikuwa ukivuma kusi au kaskazi.