Paris 1940–1944: nafasi ya nani jukwaani?

Mwishoni mwa Le Chagrin et la Pitié, filamu ya makala aliyoitoa Marcel Ophuls mwaka 1969 kuhusu Ufaransa chini ya Wajerumani, anatokea mwimbaji maarufu Mfaransa Maurice Chevalier akijitetea kwa Kiingereza dhidi ya tuhuma za kushirikiana nao. Anasema hakuzunguka Ujerumani kutumbuiza. Aliwaimbia tu mateka Wafaransa, katika kambi ya Ujerumani aliyofungwa yeye mwenyewe wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Utetezi huo una uzito. Miaka minne si siku nne. Nyuma ya mwimbaji mmoja wapo wapiga ala, mafundi wa taa, washona mavazi na wakata tiketi, wote wana watoto wa kulisha, na wahenga walishasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Kwa safari ile ya kambini, Desemba 1941, Chevalier aliomba mateka kumi waachiwe, nao wakarudi makwao. Nani angewaambia mama zao kwamba heri asingeimba?

Lakini sauti hiyohiyo ilisikika pia Radio-Paris, kituo kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani, na hapo ndipo mimi nakwama. Wasanii Wayahudi walikuwa wamefukuzwa kazini. Julai 1942 Wayahudi wakapigwa marufuku kuingia kumbi za sinema na maonyesho hata kama watazamaji. Tarehe 16 na 17 mwezi huohuo, takriban watu 13,000 wakakamatwa Paris na vitongoji vyake, na waliowakamata ni polisi wa Kifaransa. Kumbi ziliendelea kujaa. Mwigizaji Harry Baur, aliyeshukiwa kuwa Myahudi, alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, mwaka huo, akafariki Aprili 1943. Kwa hiyo aliyepanda jukwaani ningemuuliza kwanza: uliingia nafasi ya nani?

Wengi humtaja Josephine Baker, mwimbaji na mcheza dansi mzaliwa wa Marekani, aliyepitisha taarifa za kijasusi kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za muziki. Namheshimu mno, ila kumfanya yeye kipimo cha kila mpiga kodiani wa mtaani ni kuonea. Umaarufu wake ulimfungulia mipaka ambayo wengine hawakuweza hata kuisogelea.

Na baada ya ukombozi wa Agosti 1944, mwigizaji Arletty alifungwa kwa sababu alimpenda ofisa wa Kijerumani. Sitetei penzi lile. Ila wapo wafanyabiashara waliouza bidhaa zao kwa jeshi la Ujerumani miaka yote minne, na hawakuguswa.