Ridhaa ya Washompen Imetoka kwa Nani?

Kilichonitia hasira ni miti. Msitu utakaofyekwa kupisha mradi mkubwa wa serikali ya India kisiwani Great Nicobar, takriban kilomita za mraba 130, eti utafidiwa kwa kupanda miti Haryana. Haryana ni jimbo kame la kaskazini mwa India, halina bahari, na kutoka huko hadi kisiwani ni zaidi ya kilomita elfu mbili. Nguruwe mwitu wanaowindwa na Washompen, kabila dogo la wenyeji wa msitu huo, hawatahamia Haryana. Wala mikadi yao haitaota huko.

Huku kwetu pwani mkadi twaujua kwa harufu. Mama zetu huutia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani, bibi harusi akinukia hadi nyumba ya tatu. Washompen wao wanaishi kwa tunda la mkadi wa kwao. Hulipika, nyama yake wakaiponda, na hicho ndicho chakula chao kikuu, pamoja na nguruwe, asali na samaki wa mitoni. Ukiufyeka mkadi umeimwaga sufuria ya mtu.

Sensa ya 2011 iliwahesabu 229 tu. Wengi wao hukaa ndani ya msitu na hawataki mazoea na wageni, na watu wa nje wanaoielewa lugha yao ni wachache mno. Kisiwa chenyewe kiko kusini kabisa mwa India, karibu zaidi na Sumatra kuliko India bara, na wakazi wake wote ni kama 8,000. Serikali inataka kujenga bandari ya makontena kwenye ghuba ya Galathea, uwanja wa ndege, mtambo wa umeme na mji mpya, kwa gharama iliyokadiriwa mwanzoni kuwa takriban rupia bilioni 720. Mpango wa miaka 30 unakipangia kisiwa hicho hadi watu 350,000.

Haya, nani aliwauliza Washompen?

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Mwaka 2022 karatasi zilionyesha kwamba ridhaa imepatikana. Upande wa Washompen, aliyekubali kwa niaba yao ni chombo cha serikali kinachosimamia ustawi wao. Serikali iliomba, serikali ikajibu, na msitu ukatoka mikononi mwa watu ambao hawakuwa ndani ya chumba. Majirani zao Wanikobari, ambao wana baraza lao la kikabila, walitia sahihi Agosti mwaka huo. Novemba wakaiondoa. Walisema hawakuelezwa kwamba mradi unachukua hadi ardhi ya vijiji vyao vya asili.

Ami yangu ni mvuvi. Aliwahi kuitwa kwenye mkutano wa mradi mmoja, akapewa soda na karatasi ya mahudhurio, akaandika jina na namba ya kitambulisho. Baadaye karatasi ile ile ikasomwa kama orodha ya waliokubali. Aliponisimulia hakuwa na hasira, alikuwa na aibu, kana kwamba kosa ni lake. Aibu ile sijaisahau. Na yeye anasoma, anazungumza Kiswahili, anajua ofisi iko wapi. Je, mtu wa msituni ambaye hajawahi kuona meli ya makontena ikipakuliwa, utamweleza nini mpaka neno lake la kukubali liwe la haki?

Wanikobari wana kidonda kingine. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliwapiga vibaya. Ncha ya kusini ya kisiwa ilizama kama mita nne, ukiiona taa ya mabaharia ya Indira Point leo imesimama majini. Walionusurika wa vijiji vya pwani walihamishiwa kwenye makazi ya muda karibu na Campbell Bay, mji mdogo wa kisiwani. Muda huo sasa umepita miaka ishirini. Wamekuwa wakiomba kurudi kwenye minazi yao, na wakati bado wanaomba, ardhi ile ikachorwa kwenye ramani ya mradi kama eneo lisilo na mtu. Mtu aliyekimbia maji hajahama. Hilo hata mtoto analielewa.

Nakubali, shingo upande, kwamba India ina sababu zake. Njia ya meli zinazopita mlango-bahari wa Malacca iko pale karibu, na China haiko mbali. Wanikobari wenyewe wanataka hospitali nzuri na barabara. Lakini hospitali haihitaji watu laki tatu na nusu.

Kuna mambo mengine nitayapita tu: kasa noa wanaotaga Galathea, na ardhi yenyewe ambayo haijatulia kwa matetemeko.

La maradhi siwezi kulipita. Visiwa vya jirani vya Andaman, Waandamani Wakuu walikuwa zaidi ya 5,000 Waingereza walipoweka gereza lao mwaka 1858. Leo wamebaki makumi tu, na maradhi ya wageni ni sababu kubwa. Februari 2024 wataalamu 39 walimwandikia Rais Droupadi Murmu, ambaye mwenyewe ametoka jamii ya Wasantali, wakionya kwamba mradi huu ni hukumu ya kifo kwa Washompen. Na sera ya serikali hiyo hiyo ya mwaka 2015 inasema ustawi wa Washompen utangulizwe mbele ya miradi mikubwa. Imeandikwa. Ifuatwe.

Wa Lamu mtanielewa haraka. Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2018 iliona kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari ya Lamu, ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Lakini hukumu ilikuja miamba imeshachimbwa. Great Nicobar bado msitu umesimama, kwa hiyo kuna la kufanya.

Wanikobari warudishwe kwao kwanza, kabla ya mchoro wowote kutiwa muhuri. Msitu wa Washompen utolewe kabisa kwenye mradi, kwa sababu hakuna mtu leo anayeweza kuwaendea, akawaeleza yote yatakayowafika, akarudi na ridhaa yao kwa kweli.