Sabufa, tari na uzito wa muziki

Msimu wa harusi ukiingia Lamu, ubishi wa barazani huwa mmoja: muziki mzito ni upi? Vijana wanaokodi sabufa wanasema uzito ni bezi, ile sauti nene ya chini, basi. Wazee waliokulia kwenye goma na matari wanaona hiyo ni kelele iliyonenepa. "Ami, tari halina bezi," kijana hujibu, na hapo hakosei sana.

Vijana wana hoja kuliko wanavyokubaliwa. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, yaani zile nene za bezi. Fletcher na Munson walilipima hilo huko Marekani mwaka 1933 wakaonyesha kwamba sauti ya chini huhitaji nguvu nyingi zaidi ndipo isikike sawa na ya kati. Kwa hiyo bezi ikisikika sawasawa, ujue kuna nguvu kubwa inasukumwa, na kifua kinapata fungu lake. Mji nao unaisaidia. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na vichochoro vya mtaa wa Mkomani havifiki upana huo hata kidogo. Wimbi refu namna hiyo hupinda kona bila shida, ilhali sauti za juu za mwimbaji hukwama kwenye kuta za matumbawe. Aliye nyumba ya kumi haambulii shairi wala kinanda, anaambulia du, du, du mpaka usiku wa manane. (Ndiyo maana wengi wanaichukia sabufa, na siwalaumu. Wao wameletewa nusu ya wimbo.)

Hata historia ya roki iko upande wa vijana. Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vikofia vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na katika albamu ya mwaka 1971 akashusha gita toni moja na nusu ili nyuzi zilegee, vidole visiumie. Sauti ikateremka na kunenepa, na bendi chungu nzima zikaiga. Ongeza hapo mkwaruzo wa ampu, ile mashine ya kukuza sauti ya gita. Piga noti mbili safi, hezi 110 na 165, utasikia hizo mbili. Zipitishe kwenye ampu iliyozidiwa, itazuka ya tatu, hezi 55, ambayo ni tofauti kati yao na hakuna uzi ulioipiga.

Lakini bezi na mkwaruzo vingekuwa ndio uzito wenyewe, kila ukiongeza ungezidi. Haiko hivyo. Mwaka 2008 mashabiki wa bendi ya roki ya Metallica, watu wasioogopa kelele, waliilalamikia albamu mpya ya bendi yao kwamba imekandamizwa mno, kila ala iko juu muda wote mpaka sauti inapasuka. Wengi wakaona nyimbo zile zile zinasikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, ambako zilibaki na kupanda na kushuka kwake. Mpigaji yule yule, gita lile lile. Kilichokosekana kwenye albamu ni nafasi ya pigo kutua. Watengenezaji wa amapiano kule Afrika Kusini wanalijua hili vizuri: wanakuacha na kinanda na mchakacho mwepesi kwa muda mrefu, ndipo ile bezi inayogonga kama gogo iachiwe.

Sasa liangalie tari, wakati wa maulidi pale msikiti wa Riyadha. Kabla ya kupigwa hupashwa moto, kwa sababu unyevu wa bahari hulegeza ngozi, na ngozi iliyokaza sauti yake hupanda. Kwa kipimo cha sabufa, hapo tari limepunguzwa uzito kwa makusudi! Kisha safu ya wanaume inapiga magoti, inayumba pamoja polepole, filimbi ya nai inalia juu peke yake, na matari yanashuka yote kwa pigo moja. (Wapo wasiotaka hayo yaitwe muziki, na adabu ni kuwaachia neno lao.) Uzito unausikia, tena mwingi, na umetokana na wingi wa mikono inayokubaliana na mwendo usio na pupa. Goma nalo ni hivyo hivyo: wanaume na bakora zao, safu moja, hatua ndogo, hakuna anayekimbilia mdundo unaofuata.

Wazee huzidisha wanaposema bezi haina kazi. Chukua maulidi hayo hayo, yarekodi kwa simu, uyasikilize kwa spika ya simu. Zile sauti za chini hazitoki, ubongo unazikisia kwa kusikia zilizo juu yake. Mdundo unautambua, ila kifua hakipati kitu. Mwili unataka haki yake, na sabufa nzuri inaitoa.

Kuna bendi moja inayonipa taabu hapa, Sunn O))) ya Marekani. Huburuta noti moja kwa dakika kadhaa, mara nyingi bila ngoma, kwa sauti kubwa mwanzo mpaka mwisho. Wepesi wa kulinganisha haupo, na bado ni nzito ajabu. Jibu langu ni kwamba wao wamehamishia kila kitu kwenye muda: noti inachelewa kubadilika, sikio linaisubiri. Kwa mwendo huo wako karibu na wazee wa goma kuliko walivyo karibu na DJ anayefungulia bezi yote tangu saa mbili ya usiku.

Huyo DJ simwambii aache sabufa nyumbani. Aizime tu kwa nyimbo tatu nne, watu wale pilau wakisikilizana, halafu bwana harusi akikaribia mlangoni aifungulie.