Mvamizi wa ardhi hupewa miezi mitatu, mpangaji hupewa mmoja

Nchini Kenya, mtu aliyejenga kwenye ardhi ya mtu mwingine bila idhini hawezi kufurushwa kihalali kabla ya kupewa notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu. Ndivyo Sheria ya Ardhi inavyosema tangu marekebisho ya 2016. Lakini mpangaji wa mtaa kama Pipeline au Githurai anayelipa kodi kila mwezi bila kukosa anaweza kuambiwa ahame kwa notisi ya mwezi mmoja. Simwonei gere yule wa kwanza. Miezi mitatu ni michache kwa familia inayovunjiwa nyumba. Lakini huyu wa pili amekosa nini?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Mahakama ya Juu ilikitia nguvu Januari 2021 katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa nyumba 2011. Uamuzi ule ulikuwa wa maana, ila ulihusu watu walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma. Mpangaji ambaye msimamizi wa ploti amemwekea kufuli mpya mlangoni hafiki mbali nao.

Sheria iliyotungwa kwa ajili yake ipo: Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Ni kali kweli. Mwenye nyumba hamtoi mtu bila amri ya baraza la kodi, hapandishi kodi apendavyo, na kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai. Ubovu wake ni mmoja tu: inahusu nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo bado inapimwa kwa kurejelea tarehe 1 Januari 1981. Leo ni nani Nairobi anayepata chumba chenye maji na stima kwa bei hiyo? Serikali imeweza kukata asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, lakini hilo tarakimu la 2,500 halijaguswa. Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuifuta Sura hiyo na kuleta sheria moja mpya. Wabunge wangeanzia hapo kabla ya kumwaga saruji.

Kwa hiyo wengi wanaangukia kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi. Kama hakuna mkataba unaosema vingine, notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi, na iishe siku ya kulipa kodi. Hapo ndipo mawakala wengi huteleza. Kodi ikilipwa tarehe 1, notisi iliyoletwa Machi 10 haimtoi mtu Aprili 10. Inaisha Mei 1. Mpangaji ajibu kwa maandishi, aitaje tarehe sahihi na abaki na nakala.

Kosa linalowaangusha wapangaji mahakamani mara nyingi ni kuzuia kodi kwa sababu choo kimeziba au paa linavuja. Malalamiko yanaweza kuwa ya kweli, lakini ukishakuwa na deni umempa mwenye nyumba sababu ya kukutoa. Lipa, kisha lalamika. Kama anakataa kupokea ili deni lijikusanye, tuma kwa nambari ileile ya kila mwezi. Akirudisha, weka ujumbe wa kurudishiwa. Pesa taslimu bila risiti ni sawa na kutolipa.

Deni likiwepo kweli, mwenye nyumba anaweza kukamata mali, lakini kwa dalali mwenye leseni, anayepaswa kuorodhesha vitu na kutoa notisi ya siku 14 kabla ya kuviuza. Nguo na matandiko havikamatwi. Hata kochi na televisheni zikichukuliwa, zinalipia deni tu. Hazimrudishii mwenye nyumba chumba chake.

Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji: hakuna sheria inayoruhusu haya, deni liwe kubwa kiasi gani. Kituo cha polisi utaambiwa ni mambo ya wenyewe kwa wenyewe. Sisitiza kwamba unaripoti uharibifu wa mali au wizi, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Piga picha kabla vitu havijasogezwa. Siku hiyohiyo, au kesho yake, omba amri ya muda katika mahakama ya hakimu. Ukikaa wiki mbili, hakimu atauliza dharura iko wapi.

Angalia pia mlango unaoubishia hodi. Kesi ya nyumba ya kodi ya shilingi 12,000 ikipelekwa kwenye baraza la kodi itatupwa kwa kukosa mamlaka, na miezi itakuwa imepotea. Duka, hoteli au kibanda cha chakula kina baraza lake chini ya Sura ya 301, ambako notisi ni miezi miwili kwa fomu maalum, na mpangaji asipopeleka pingamizi kabla tarehe yake haijafika, inaanza kufanya kazi. Amana isiyorudishwa ni deni la pesa: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili.