Kidonge chenye kihisi na utumbo uliolala

Wanaotaka vidonge vyenye vihisi viletwe wodi za upasuaji wana hoja, na kwa Kigoma hoja hiyo ina uzito. Mgonjwa aliyekatwa utumbo hospitali ya Maweni kwa ngiri iliyojinyonga huenda katoka Kalya, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mshono wa utumbo ukianza kuvuja akiwa nyumbani, kumrudisha ni safari ya boti. Kidonge kinachopima asidi, shinikizo na joto, kikatuma vipimo kwenye kipokezi cha kiunoni, kingemwahi. Teknolojia yenyewe si ndoto: cha kamera kiliruhusiwa Marekani mwaka 2001, na PillSense, kinachotambua damu tumboni ndani ya dakika chache, mwaka 2023. Kwa kidonda cha tumbo kinachovuja damu sina ubishi nacho.

Ubishi uko kwenye mshono wa utumbo. Madaktari wanaosita huitwa washamba, na hapo ndipo wanapoonewa. Tumbo likishafunguliwa, utumbo hulala. Mwembamba huamka ndani ya saa 24, mfuko wa chakula siku moja hadi mbili, mpana hadi siku ya tatu. Ndiyo maana sista akipita asubuhi huuliza kwanza kama umetoa upepo. Kidonge cha milimita 26 hakina miguu, kinasukumwa na utumbo huohuo. Mgonjwa ana mrija puani, hata maji hajaruhusiwa: atakimeza saa ngapi? Kikinasa kwenye mshono mbichi uliovimba, huenda tumbo likafunguliwa upya. Na hata kikipita salama, kinachovuja kinamwagikia nje ya utumbo, kihisi kiko ndani.

Wanaosita wana kipimo chao: CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi; inahitaji damu kidogo tu. Uchambuzi wa tafiti za upasuaji wa utumbo mpana, uliochapishwa mwaka 2014, uliweka mipaka ya miligramu 172 kwa lita siku ya 3, 124 siku ya 4 na 144 siku ya 5. Aliye chini ya hapo, uwezekano kwamba mshono wake ni mzima ni asilimia 97. Namba hii isomwe vizuri. Inakuambia nani arudi nyumbani Kalya, haikuambii nani anavuja: kati ya waliovuka mpaka, takriban mmoja kwa watano tu ndiye aliyevuja kweli. Na aliyeletwa na homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, usaha umeshajaa tumboni, CRP yake iko juu tangu mlangoni. Huyo namba hizi hazimfai. Kwake unabaki na mapigo ya moyo: yakibaki 120 siku ya nne, drip imeshaingia na maumivu yametulizwa, rudi ulichunguze tumbo lake.

Hapo watetezi wa kidonge wanajibu, kwa haki, kwamba kihisi hakisinzii, ilhali kwenye chati ya mgonjwa safu ya saa tisa usiku ndiyo huachwa wazi. Lakini kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho husoma mapigo usiku kucha, hakimezwi, na kikigoma unabadilisha betri.