Sikio la Babu Lilibaki Saio

Babu yangu alikuwa fundi wa kushona Kadutu, hapa Bukavu. Sikio lake la kushoto halikusikia kitu. "Lilibaki Saio," alisema. Saio ni kule Ethiopia, Waitalia wa jenerali Gazzera waliposalimu amri mbele ya Force Publique, jeshi letu la Kongo enzi ya Wabelgiji, tarehe 3 Julai 1941. Kambi ya Saio ya hapa mjini imebeba jina la vita hiyo. Babu alikuwa kwenye mota, ule mzinga mdogo wa kurusha mabomu. Bomu unalitumbukiza mdomoni, linateleza hadi chini, unainama. Yeye aliinama upande uleule kila mara.

Mimi nilikuwa na miaka 12 na kazi yangu ilikuwa metre. Nilipima, nikaita hesabu, babu akaandika kwa chaki mezani. Siku moja akaja mwalimu mwembamba kama mpini wa jembe, anaoa Jumamosi, kitambaa chake cha bluu amekikumbatia kama mtoto mchanga. Nikamzungushia metre kiunoni.

"Septante!"

Nilikuwa nimesimama kushoto. Na Wabelgiji ndio waliotuachia septante, yaani 70, na nonante, yaani 90, maneno mawili yanayofanana kama mapacha. Tungetawaliwa na Mfaransa, labda yule mwalimu angeoa kwa amani.

Babu akaandika 90. Niliiona kwa macho yangu. Nikadhani anamwachia nafasi ya wali wa harusi.

Ijumaa jioni mwalimu akavaa. Aliishika suruali kwa mikono miwili. Alipoachia mmoja atusalimie, ikashuka.

"Muzee, hii patalo ni ya watu wawili!"

Babu hakushtuka. Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. "La kwanza limepita. Tunapunguza."

Wapiga mizinga ndivyo wanavyofanya: la kwanza likipita shabaha, la pili unalitupa karibu, la tatu unagawanya katikati. Kwa mlima ni hesabu nzuri sana. Lakini mkasi ukishakata umekata. Mwalimu alipovaa tena, kifungo na tundu lake vilitazamana kama Bukavu na Cyangugu ya Rwanda, mto Ruzizi unapita katikati.

"La pili limeanguka karibu," babu akasema, sasa amechangamka kabisa. "Tumemshika!"

Kitambaa kilikuwa kimeisha. Usiku ule, kwa taa ya petroli, babu alifungua sanduku lake, akatoa kaptula ya jeshi, akakata kipande cha kaki na kukipachika nyuma ya suruali ya bluu. Koti litafunika, alisema.

Koti lilifunika vizuri mpaka padri alipowaambia maharusi wapige magoti, migongo yao ikiwa kwetu. Koti likapanda. Kanisa zima likanyamaza, halafu mtoto mmoja akacheka. Babu akanigusa kwa kiwiko:

"Umeona? Katikati kabisa."

Jumatatu mwalimu alifika, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamtukana babu kuanzia ukoo wake mpaka mashini yake. Wamama wa sombe ng'ambo ya barabara waliacha kuuza. Babu alimsikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Aksanti sana, mwalimu. Mwambie na mudogo wako akuje."

Kile kiti alikipigilia misumari sakafuni yeye mwenyewe, upande wake wa kushoto.