Kipandauso na kanga ya Bi Somoe

Jamani leo niacheni kidogo. Naandika jicho moja limefungwa, simu nimeipunguza mwanga mpaka mwisho kabisa, mke wangu anaona kama nachati na mchepuko gizani na sina nguvu ya kujitetea. Na kama mtakavyoona huko mbele, leo kujitetea kwenyewe hakunifai kitu.

Imeanza saa nane mchana. Nipo zangu kwenye kibanda cha stesheneri hapa Magomeni, Mtwara, na msimu wa korosho mnaujua, kila mtu anataka kopi ya kitambulisho, kopi ya kadi ya benki, kopi ya kopi. Ile taa ya mashine inavyopita chini ya kioo, inaenda inarudi, mi huwa nafumba macho kama mtu anayeomba dua, wateja wengine wanaitikia amina. Akaja mzee mmoja, nimwandikie namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwenye fomu. Namba ile ina tarakimu 20, naandika, naandika, nikafika katikati namba zimeisha. Nahesabu naona 11. Nikakifuta kitambulisho kwenye shati, labda kina vumbi. Wapi. Ni jicho langu ndo lina tundu, na ukingoni mwa lile tundu kuna kitu kinametameta, meno meno kama msumeno, kinatambaa taratibu kuelekea kushoto. Nikajua mgeni kafika, kipandauso, kile kichwa cha upande mmoja. Hapo nina kama nusu saa kabla nyundo hazijaanza upande wa kulia.

Nikamwambia, mzee wangu samahani, namba hazionekani. Akaniuliza, "Hazionekani NIDA au hazionekani kwako?"

Msimu mzima huu sijaulizwa swali la maana kama hilo. Nikafunga kibanda.

Nyumbani nina utaratibu wangu. Maji makopo mawili, vidonge mapema kabla kichwa hakijachanganya, blanketi juu ya pazia, kitambaa cha maji baridi, kimya. Na hivyo vidonge navyo vina masharti utafikiri mganga kavitoa, daktari alishanikanya kwamba ukivimeza siku 15 na kuendelea ndani ya mwezi, vyenyewe vinageuka vinakuletea kichwa. Yaani dawa ya kichwa inaleta kichwa. Nikamuuliza sasa dawa ya hiyo dawa ni ipi, akasema kuiacha. Haya.

Huyo huyo daktari ndo alinipa homuwek ya daftari. Niandike kila kinapopanda, siku hiyo nililala saa ngapi, nilikula nini, nilikuwa wapi. Akaniuliza kuhusu jibini. Jibini! Mimi jibini naliona kwenye tangazo. Akauliza divai nyekundu, nikasema hapana kwa sauti ya mtu msafi. Akauliza pombe nyingine yoyote, nikakumbuka uraka wa mabibo, nikamwangalia mke wangu, nikaangalia dari. Basi nikanunua kaunta buku, nimeandika miezi mitano, na nimegundua kitu kinachonidhuru: ni kuishi. Sikulala, kimepanda. Nililala sana Jumapili, kimepanda. Sikunywa chai asubuhi. Jua la saa saba kwenye mabati mapya ya jirani. Salfa, ile dawa ya mikorosho, kule mwezi wa sita, upepo ukitoka mashambani. Dada aliyeingia kutoa kopi kajipulizia marashi ya ukoo mzima. Kimoja kimoja navistahimili, hata viwili, sasa siku vikikubaliana vikaja kwa pamoja ndo mnanikuta hivi. Na mwanangu kachana kurasa za Oktoba katengenezea tiara.

Basi nimelala. Umeme ulikuwa unanisubiri nijinyooshe, nikajinyoosha, feni ikasimama. Gesi ya kufua umeme iko hapo Msimbati, mi najipepea na jalada la daftari. Nikavumilia. Nikasema bora kimya kipo.

Ndo ukaingia moshi.

Moshi wa korosho siwaelezei, mmeukulia. Ule mweusi wa mafuta ya ganda, ukikaa kooni umekaa. Bi Somoe, nyumba ya nyuma, kawasha bati lake. Nikafunga dirisha, ukapita chini ya mlango. Nikaziba mlango na taulo, ukapita juu, kwetu ukuta na bati havijawahi kukutana. Nikaona hapana, mtu mzima unadai haki yako kistaarabu. Nikavaa shati la mikono mirefu nikafunga vifungo vyote, maana ukienda kudai haki kifua wazi unaonekana umetoka kwenye uraka. Njiani nikapanga hotuba: Bi Somoe, tumekaa ujirani miaka tisa, naiheshimu riziki yako, lakini kiafya.

Nimewakuta kinamama wanne wamelizunguka bati, korosho zinawaka moto, Bi Somoe kashika mti anazigeuza, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Shikamoo. Marahaba, hata hajageuka. Nikaianza hotuba yangu, inakwenda vizuri tu, nikafika kwenye "kiafya" upepo ukageuka, nikatapika pale pale kwenye lundo la maganda.

Kimya. Halafu mmoja akauliza, "Baba Shafii, ya miezi mingapi?"

Wakacheka hao! Na kila kicheko mi nakisikia ndani ya jicho la kulia. Wakanikalisha kwenye kigoda, wamenikalisha wapi, upande moshi unakoelekea. Hapo ndo kikaanza kikao. Wa kwanza akasema malaria. Wa pili presha, shemeji yake ilimwanza hivi hivi. Wa tatu akasema huyu katupiwa, fotokopi inamwendea vizuri watu wanaona. Fotokopi! Shilingi mia kwa karatasi, mchawi gani ana shida na mia yangu? Wa nne yeye hakusema kitu, kaingia ndani kaja na chupa ya dawa ya kuchua, kanipaka kwenye panja pande zote mbili, mpaka karibu na macho, na harufu yake ile ni ugonjwa unaojitegemea. Nalia machozi ya kweli. Wanasema mwacheni atoe uchungu.

Nikaona nijitetee kwa elimu. Nikasema dada zangu, mama zangu, hiki ni kipandauso, daktari kanipima kaniambia. Kinaweza kukaa saa 4 mpaka saa 72. Mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Na kwa kawaida, nikasema, kinawapata wanawake kama mara 3 kuliko wanaume.

Hapo niliharibu mwenyewe. Kilipigwa kigelegele sentimita tano kutoka sikioni kwangu. "Karibu chamani!" Na mwingine, "Jumamosi tuna mchezo wa upatu, njoo na elfu kumi."

Nikaona bora nife. Nikamgeukia Bi Somoe, hotuba imeshaniishia, nikabaki na maneno ya mtoto tu. Bibi, kichwa kinaniuma, moshi.

Akasema, "Na mimi."

Nikasema nini?

"Na mimi kimenipanda. Toka asubuhi. Kinanipanda toka nilipovunja ungo, watoto saba nimezaa nacho." Huku anageuza korosho. "Ntu nzima unalia moshi."

Sasa bibi, si ungepumzika?

"Za mteja, anakuja kesho asubuhi. Utazichoma wewe?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka sa hizi. Akazimwagia mchanga zile korosho, akafuta mikono kwenye majivu, akavua kanga begani, akaikunja mara nne ikawa kama mkanda, akaja nyuma yangu akanifunga kichwa. Akakaza. Mjue alivyokaza, kama anafunga gunia la kupakia kwenye basi la Newala, goti kaniwekea mgongoni. Akasema nenda kalale, usile kitu cha moto.

Na mnisikilize, hili nawaambia nyinyi tu: ilipungua. Haikuisha, ila zile nyundo zikarudi nyuma hatua kama mbili. Miezi mitano ya daftari, kumbe kilichotakiwa ni goti la Bi Somoe.

Tatizo kanga ina jina. Maandishi yamezunguka kichwa HUNIBABAISHI MWENYEWE KANIPENDA, na alivyoikunja neno lililoangukia kwenye paji la uso ni la mwisho. Natembea kwa heshima, shati vifungo vyote, nanuka dawa ya kuchua, nimefika kona nani yupo? Yule mzee wa NIDA, kakaa na mjumbe wetu kwenye benchi, fomu yake mkononi. Akanitazama muda mrefu. Akasoma pole pole, silabi kwa silabi, "Ka-ni-pe-nda." Akamgeukia mjumbe, "Kumbe anaona vizuri, kapata pa kwenda tu."

Nikalala mpaka magharibi. Nimeamka kichwa kimekuwa kama gunia lililokung'utwa, hakiumi ila hakina kitu ndani, nimemwita mwanangu kwa jina la kaka yangu. Kijana wa nyumba ya pili kafungulia sabufa, anajaribu spika moja tu kwa wiki ya tatu sasa. Bodaboda wamegeuza ukuta wangu kituo. Yote nimesamehe.

Mke wangu karudi sokoni. Kanikuta gizani, kanga ya mwanamke kichwani, simu mkononi. Kasoma. Mi nikaanza, sikiliza mama Shafii, mambo yalianzia kwenye fotokopi. Kainusa ile kanga, kakuta moshi na jasho la mtu mwingine, kaenda jikoni, na sasa hivi sufuria zinawekwa chini kwa namna ambayo mwenye kipandauso yeyote anaielewa.

Na hapa hapa ninavyoandika kaja mjukuu wa Bi Somoe, kasimama mlangoni anapaza sauti mtaa mzima usikie, bibi kasema ile kanga uliyoondoka nayo mchana anaitaka, na yeye anataka kufunga kichwa alale.

Nimemwambia kamwambie imeloa, nimeianika, kesho. Mtoto hajaondoka. Kasimama anaiangalia hapa kichwani kwangu, halafu ananiuliza kama kopi ya rangi natoa.